P.1 muhula wa pili: mtoto atasoma nini kabla ya mapumziko?

Dada, umeuliza mwanao wa P.1, yaani darasa la kwanza la msingi, hapo Kampala atasoma nini hadi mapumziko ya katikati ya muhula, na mbona ratiba haina sayansi. Sayansi ipo, ila imo ndani ya mada. Tangu 2007, P.1 hadi P.3 nchini Uganda hufundishwa kwa mada zinazogusa maisha ya mtoto.

Muhula wa pili huanza na hali ya hewa, kisha ajali na usalama. Kwenye hali ya hewa atatazama mawingu, atachora jua na mvua, atahesabu siku zilizonyesha wiki nzima. Hapo amesoma sayansi, hesabu na kuandika kwa mkupuo mmoja! Msaidie: kila asubuhi muulize anga likoje, achore kwenye karatasi ukutani.

Ajali usiiache kwa mwalimu peke yake. Mtembeze barabarani, mwonyeshe boda boda zinavyochomoza ubavuni mwa matatu, mfundishe kutazama pande zote. Jikoni mwonyeshe sigiri na mafuta ya taa.

Kuna pia kipindi cha habari, mtoto anaposimama na kusimulia yaliyotokea nyumbani. Mimi nakipenda kuliko vyote, maana mwoga hupata sauti. Usiku mwache asimulie, kwa Kiswahili au Kiganda, usimkatize.

Mada nyingine huja baadaye. Mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe mpango wake wa wiki, maana shule haziendi mwendo mmoja.