Alexandria: mnara ulianguka, maktaba ilitoweka. Sasa unaenda kuona nini?

Nilipogusia safari yangu ya Alexandria, mji wa pwani ya kaskazini ya Misri, kwenye safu hii wiki tatu zilizopita, sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Nimechagua saba. Zinazofanana nimeziunganisha.

Nipo Cairo kimasomo na nina siku moja tu. Inatosha? (Mwanafunzi wa Al-Azhar)

Inatosha kuonja, si kushiba. Panda treni ya asubuhi pale Ramses, kituo kikuu cha reli cha Cairo. Ile nzuri hukufikisha kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Kituo cha Sidi Gaber kitatangulia na nusu ya behewa itashuka. Wewe tulia mpaka mwisho wa reli, Mahattat Misr. Kutoka hapo unakwenda kwa miguu hadi Kom el-Dikka, penye ukumbi wa Kirumi wenye ngazi za marumaru uliofukuliwa miaka ya 1960. Kisha teksi hadi Kom el-Shoqafa, ambako nitakueleza hapo chini, na alasiri malizia ngome ya Qaitbay. Maktaba iweke kiporo. Usisahau kitambulisho cha chuo, maana mwanafunzi hupunguziwa kiingilio, na kadi ya benki, kwa sababu maeneo mengi ya kale siku hizi hayapokei fedha taslimu.

Tulifundishwa shuleni kwamba kule kuna mnara wa taa, mmoja wa maajabu saba ya dunia. Mbona kwenye picha zako haupo? (Msomaji, Tanga)

Haupo kwa sababu ulianguka, ndugu yangu. Ulijengwa mnamo mwaka 280 KK kwenye kisiwa cha Pharos, ukapita mita 100 kwenda juu, na ukasimama zaidi ya miaka elfu moja na mia tano ukitikiswa na tetemeko baada ya tetemeko. Shahidi wetu ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alipopita Alexandria mwaka 1326 alikuta upande mmoja umebomoka, ila aliweza kuingia. Aliporudi mwaka 1349 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata mlangoni hakufika.

Mwaka 1477 Sultani Qaitbay akaanza kujenga ngome juu ya kiwanja kile kile. Wageni wengi hupiga picha ya bendera na bahari wakaondoka. Usifanye hivyo. Sogelea kuta. Jiwe la ngome ni chokaa, lina rangi ya maziwa yaliyoganda, lakini mahali fulani utaona vipande vya nguzo za matale mekundu vimelazwa ukutani kama magogo. Jiwe hilo halipatikani pwani ile. Linatoka Aswan, kusini kabisa, na lilishushwa kwa mashua kwenye mto Nile. Wenyeji watakuambia ni mabaki ya mnara, na sioni sababu ya kubishana nao. Mabaki mengine yako majini hapo hapo chini ya ngome: tangu miaka ya 1990 wapiga mbizi wameorodhesha mawe na sanamu kwa maelfu. Sanamu moja kubwa ya mfalme wa ukoo wa Ptolemy, uliotawala Misri kabla ya Warumi, ilitolewa baharini, na sasa imesimama nje ya maktaba mpya.

Na ile maktaba ya kale, imebaki hata ukuta? (Mwalimu, Morogoro)

Hata tofali halikubaki. Ile unayoiona ufukweni, yenye paa la duara lililoinama kama jua linalochomoza, ilifunguliwa mwaka 2002. Ukuta wake wa nje ni wa jiwe la Aswan na umechongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Watoto hupenda kutafuta wanazozijua.

Ila mwalimu, nakuomba uwasimulie wanafunzi wako jambo moja. Katika karne ya pili BK, mtaalamu wa jiografia Claudius Ptolemy (si mmoja wa wale wafalme) aliishi na kuandika katika mji huu. Kwenye orodha yake ya miji ya dunia aliitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo hadi leo wataalamu hawajakubaliana ilikuwa wapi. Hakuwahi kufika huku. Alikusanya habari kutoka kwa mabaharia na wafanyabiashara. Nilipokaa kwenye ule ukumbi wa kusomea wenye ngazi kumi na moja zinazoshuka kama matuta ya mpunga, hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza: kuna mtu alikaa mitaa hii akiandika jina la kwetu.

Nguzo ya Pompey ina thamani ya nauli? (Bila jina)

Ni nguzo moja, mita 27 hivi, na wala si ya Pompey, yule jemadari wa Kirumi. Iliwekwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian. Ukiwa na haraka itazame ukiwa nje ya uzio.

Nauli yako ipeleke Kom el-Shoqafa, jirani tu. Ni makaburi ya chini ya ardhi yaliyogunduliwa mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia shimoni. Unashuka ngazi zinazozunguka kisima kikavu. Maiti walikuwa wakiteremshwa kwa kamba katikati, waombolezaji wakizunguka pembeni. Huko chini kuna Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha, kavishwa deraya ya askari wa Kirumi. Na kuna chumba chenye mabenchi ya mawe ambako ndugu walikuja kula chakula kwa ajili ya marehemu wao. Sisi wenye hitima na arobaini tusishangae sana.

Nataka kumzuru Imamu Busiri. Ni rahisi kufika? (Bibi wa Lamu)

Shikamoo bibi. Ni rahisi mno. Msikiti wa mtunzi huyo wa kasida za Burudai na Hamziya uko mtaa wa Anfushi, umetazamana na msikiti mkubwa wa sheikh wake, Abu al-Abbas al-Mursi, aliyetokea Murcia huko Hispania. Ni nadra kumwona mwalimu na mwanafunzi waliolala karibu hivi. Beti za Burudai zimeandikwa kuzunguka kuta ndani. Mimi niliyezoea kuzisikia tu, tena kwa sauti za kwetu, nilisimama kuzifuata kwa kidole hewani mpaka mlinzi akacheka. Na bibi anajua kuliko mimi kwamba Hamziya yake ilitiwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate, zamani sana. Nenda baada ya alasiri, si Ijumaa mchana, umati ni mkubwa.

Nile nini, na nisiibiwe vipi kwenye bei? (Wawili wameuliza, Nairobi na Muscat)

Samaki. Huko Anfushi mwenye duka amewapanga kwenye barafu. Unachagua mwenyewe, anapima kwa kilo, unamwambia apikwe vipi. Sema *radda*: samaki anapakwa pumba za ngano, ngozi yote, kisha anachomwa mpaka anakuwa mweusi kama mkaa. Usiogope. Ukibandua ganda hilo, nyama ya ndani ni nyeupe na ina maji yake yote. Agiza na wali wa *sayadiyya*, uliokolezwa vitunguu vya kukaangwa hadi hudhurungi. Asubuhi kula mkate wa maini ya kitunguu saumu na pilipili, ndiyo fahari yao. Bei uliza kabla samaki hajaondoka kwenye mzani, na uliza kama kupika kunalipiwa mbali.

Kwenye teksi nyeusi na njano, patana kabla ya kufungua mlango. Mimi nilijifanya mjuzi, nikapanda kimya, nikashushwa kwa nauli ya mara tatu. Bora *mashru*, yaani daladala lao: kaa, mpasie fedha abiria wa mbele, chenji itarudi kwa mikono ya watu ambao hamjuani. Bakshishi ni neno lile lile na desturi ile ile.

Twende mwezi gani na watoto? Kuna kuogelea? (Mama wa watatu, Kigamboni)

Julai na Agosti Cairo yote inahamia ufukweni. Hata pa kutandika khanga hupati. Septemba na Oktoba bahari bado ina joto, na akina mama wengi wanaogelea na nguo zao, hutajiona mgeni. Kuanzia Novemba zinaanza dhoruba wanazoziita *nawwa*. Wavuvi wamezipa kila moja jina na tarehe zake. Ile ya katikati ya Novemba ni *Maknasa*, ufagio. Siku hiyo mawimbi yanavuka ukuta wa barabara ya pwani na kuwalowesha walio ndani ya magari. Watoto wako wataipenda kuliko makumbusho yote. Wabebee makoti, na kadi za homa ya manjano zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, si kwenye sanduku.