Majenerali wa Pakistan na rafiki yao wa Washington

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasani tumebishana mpaka kengele ikagonga. Marekani iliwatumia majenerali wa Pakistan, au wao ndio walioitumia Marekani? Na mbona taifa linalohubiri demokrasia liliwapa silaha watu waliopindua serikali?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Walitumiana, ila gharama waliilipa watu ambao hata hawakuulizwa.

Mei 1954 Pakistan ilitia saini mkataba wa msaada wa kijeshi na Marekani. Mwaka huohuo ikajiunga na SEATO, muungano wa kujihami wa Kusini-Mashariki mwa Asia, na 1955 ikaingia Mkataba wa Baghdad, muungano kama huo wa Mashariki ya Kati. Washington ilikuwa ikiiwaza Moscow. Wakubwa wa Pakistan walikuwa wakiiwaza India na Kashmir, jimbo waliloligombania nchi hizo mbili. Marekani ikapata kituo cha kunasa mawasiliano huko Badaber, karibu na Peshawar, na ni Peshawar ilikoruka ile ndege ya kijasusi ya U-2 iliyotunguliwa na Wasovieti tarehe 1 Mei 1960. Majenerali nao wakapata vifaru vya Patton na ndege za F-86. Jeshi likazidi nguvu kila taasisi nyingine. Oktoba 1958 Jenerali Ayub Khan akaitwaa nchi, na misaada ikaendelea kumiminika.

Mwaka 1965 Pakistan ilipopigana na India, Marekani ilisimamisha silaha kwa pande zote mbili. Majenerali waliona wamesalitiwa. Lakini walijua tangu mwanzo kwamba hawakupewa silaha zile kwa ajili ya India.

Mkirudi darasani, bishaneni juu ya 1971. Desemba 1970 Wapakistani walipiga kura, na chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kikashinda viti 160 kati ya 300, vyote kutoka Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Jenerali Yahya Khan, aliyekuwa akitawala baada ya Ayub, hakumkabidhi nchi. Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 wanajeshi waliingia Dhaka, mji mkuu wa Pakistan ya Mashariki, wakaua wanafunzi na walimu katika mabweni ya chuo kikuu, na baadhi ya vifaru vyao vilikuwa M-24 vilivyotengenezwa Marekani. Wakimbizi wapatao milioni 10 walivuka kwenda India.

Balozi mdogo wa Marekani mjini Dhaka, Archer Blood, aliliona hilo kwa macho yake. Tarehe 6 Aprili yeye na wenzake walituma simu ya maandishi Washington kupinga ukimya wa serikali yao. Mtumishi wa serikali kuiandikia serikali yake hivyo kunataka moyo, na mimi namheshimu sana mtu huyu. Aliondolewa Dhaka. Tarehe 28 Aprili Rais Nixon aliandika kwa mkono wake kwamba Yahya asibanwe wakati ule.

Sababu yake ilikuwa China. Yahya ndiye aliyekuwa akipitisha ujumbe wa siri kati ya Washington na Beijing, na Julai 1971 Henry Kissinger, mshauri wa Nixon wa usalama wa taifa, alijifanya mgonjwa akiwa Pakistan, kisha akaruka kwa siri kwenda Beijing kuonana na Zhou Enlai, waziri mkuu wa China. Hiyo ndiyo faida Nixon aliyoilinda huku Dhaka ikiungua. Tarehe 16 Desemba, baada ya India kuingia vitani, jeshi la Pakistan lilisalimu amri mjini Dhaka, Bangladesh ikawa huru, na siku nne baadaye Yahya akang'oka. Nixon aliwasili Beijing Februari 1972.