Kupunguza kimo cha mti wa maua bila kuukata kichwa

Ukikabidhiwa jakaranda iliyolalia paa, weka panga chini. Usikubali kuikata kichwa, hata mwenye nyumba akisisitiza. Tawi nene likikatwa katikati, mti hujibu kwa rundo la machipukizi yanayosimama wima kama fimbo. Baada ya misimu michache ya mvua kimo kinarudi palepale, ila sasa machipukizi yameshikilia juujuu kwenye kisiki kinachooza, na upepo mkali huyang'oa.

Kimo hupunguzwa kwa kurudi nyuma hadi tawi la pembeni. Lifuate tawi refu kutoka nchani ukiteremka, mpaka ukute tawi lenye unene usiopungua thuluthi ya lile unaloliondoa. Kata hapo; hilo dogo ndilo litakalokuwa ncha mpya. Kwa mwaka mmoja usitoe zaidi ya robo ya majani yote. Mti mkubwa sana, gawa kazi kwa miaka miwili au mitatu.

Tawi zito linalotoka shinani hukatwa kwa msumeno mara tatu. Kwanza kata kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi thuluthi ya unene. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo kuelekea nchani, tawi lianguke bila kuchana gome. Mwisho ondoa kisiki. Hapo tazama kwa makini: tawi linapotokea kuna uvimbe, gome likiwa na mikunjo kama ya shingo. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata, kidonda hakifungi vizuri. Ukiacha kisiki, kinaoza na uozo unaingia shinani. Usipake rangi wala lami, mti hujifunga wenyewe.

Jakaranda za Nairobi huchanua kuanzia Septemba hivi, kwa hiyo ukikata Agosti unaondoa maua ya mwaka. Ngoja Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Bogenvilea ni mvumilivu: kata kila maua yakiisha, ukivaa glavu.

Matawi yakikaribia nyaya za umeme, shuka ngazi, waite Kenya Power. Mti wa kando ya barabara unahitaji kibali cha kaunti.

Wiki sita baada ya mvua kuanza, rudi ukague vidonda. Machipukizi ya wima yakiwa bado laini hutoka kwa kidole gumba. Yakikomaa, kila moja litadai mkasi na kuacha kidonda kipya.