Kwa askari mpya anayepangwa kwenye maandamano

Kabla ya kukagua ngao na kofia, angalia kifua chako: je, namba yako ya utumishi inasomeka? Fulana ya kujikinga huvaliwa juu ya sare na mara nyingi huifunika. Picha zikisambaa, askari asiyetambulika hubebeshwa hata kosa la mwenzake.

Mnapopewa maelekezo, uliza mambo matatu: nani ana mamlaka ya kuamuru gesi ya machozi ipigwe, amri itatolewa kwa njia gani, na watu watapita wapi kutoka eneo hilo. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndilo linaloua. Accra mwaka 2001, gesi ilipigwa kwenye majukwaa ya uwanja wa mpira na mageti yamefungwa. Wakafa watu zaidi ya 120. Kwenye uwanja wa Kanjuruhan, Indonesia, mwaka 2022, walikufa 135. Wale walikuwa mashabiki, lakini umati wowote uliokosa pa kutokea hukanyagana vivyo hivyo, iwe kwenye daraja, kichochoro au ukumbi. Angalia upepo unaelekea wapi, toa tangazo zaidi ya mara moja, kisha subiri. Walio mbele wanakusikia. Wa nyuma wanasikia nyimbo tu, na wasiposogea wao, wa mbele hawana pa kwenda.

Kopo la gesi halifyatuliwi kumlenga mtu. Ni chuma cha moto, likimpata usoni linaweza kumpofusha. Risasi za mpira nazo si za kutawanyia watu: hulengwa kwa mtu mmoja anayehatarisha wengine, miguuni au sehemu ya chini ya tumbo, na kamwe hazidundishwi ardhini, maana zikishadunda hujui zitampata nani.

Rungu hulenga mapaja na mikono. Kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo viache kabisa. Kosa la kawaida ni kuinua rungu juu ya bega: ulilenga mkono, mtu akainama, likashukia kichwani. Lipitishe kwa upande, chini ya usawa wa bega. Anayekukimbia usimpige; hatari aliyokuwa nayo imekwisha.

Kwenye kukamata, hatari kubwa ni goti mgongoni. Mtu aliyelala kifudifudi na mikono nyuma, akikandamizwa, kifua hakipanuki, na kadiri anavyohangaika kutafuta hewa ndivyo askari anavyodhani anakaidi na kuongeza uzito. Pingu zikishafunga, mgeuze ubavu papo hapo, kisha mkalishe. Akisema hawezi kupumua, msikilize. Kuweza kusema si ushahidi kwamba anapata hewa ya kutosha.

Kuhusu risasi za moto, Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990, zinazohusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, ziko wazi: ni kwa ajili ya kuokoa uhai au kuzuia jeraha kubwa, njia nyingine zikishindikana. Vijana wengi hawajui kanuni ya 26: amri ya mkubwa haikukingi kama ilikuwa haramu waziwazi na ulikuwa na nafasi ya kuikataa. Ya 25 inataka askari aliyekataa amri ya namna hiyo asiadhibiwe.

Taarifa iandike siku hiyohiyo, peke yako, kabla ya kutazama video yoyote. "Nilitumia nguvu ya wastani" haimwambii mpelelezi kitu. Andika hivi: "Saa 9:40 alasiri, nikiwa mita tatu kutoka kwake, alinyanyua jiwe kwa mkono wa kulia. Nikamwamuru mara mbili aliweke chini. Nikampiga rungu moja paja la kushoto. Saa 9:55 nikamkabidhi kwa mhudumu wa afya." Video ya sekunde 20 mara nyingi huanza baada ya jiwe, kilichotangulia kitasimama kwa taarifa yako. Taarifa tano zenye maneno yaleyale huharibu hata kesi ambayo nguvu ilitumika kihalali, kwa sababu msomaji anaona mmekaa pamoja mkapanga.

Kama pigo lilienda kichwani kwa bahati mbaya, liandike na eleza lilifikaje huko, kwa kuwa daktari naye ataliandika. Halafu hesabu makopo uliyochukua, uliyotumia na unayorudisha, na utie saini ghalani kabla hujavua sare.