Usisaini Kwamba Umelipwa Kabla Hujalipwa

Maswali yenu ya kuacha kazi ughaibuni safari hii karibu yote yametoka Ghuba ya Uarabuni, na karibu yote yana kasoro moja: mtu ameshamwambia bosi kwamba anaondoka, ndipo anakumbuka kuuliza. Natamani siku moja nipate barua ya mtu ambaye bado hajafungua mdomo kazini. Haya, tuanze.

Shikamoo mzee. Nafanya kazi ya ulinzi Sharjah, miaka mitatu na miezi minne sasa. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ofisi inataka nisaini kwanza fomu ya kufuta viza, halafu kiinua mgongo watanitumia nikishafika Tanga. Mshahara ni dirhamu 2,800, wa msingi 1,500. Nisaini?

Marahaba. Usisaini. Fomu ile ina maneno yanayosema umepokea haki zako zote. Ukiweka sahihi, umewapa ushahidi wa kukushinda nao, na ukishafika Tanga utamfuata nani? Sisemi kila mwajiri ni mwizi. Nasema mhasibu ana mafaili mengi, na faili la mtu aliyekwishaondoka huwa linakaa chini kabisa.

Piga hesabu yako mwenyewe kabla hujapigiwa. Kiinua mgongo kinakokotolewa kwa mshahara wa msingi, si ule wa jumla mnaowatangazia ndugu zenu. Msingi wako wa 1,500 ukigawa kwa 30 unapata dirhamu 50 kwa siku. Katika miaka mitano ya kwanza unastahili siku 21 kwa kila mwaka, yaani 1,050. Kwa miaka mitatu na miezi minne ni kama 3,500, ikiwa hukukaa siku nyingi bila malipo. Juu yake weka mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambazo hukuzichukua. Wakikuambia "aliyeacha mwenyewe hukatwa theluthi," wanakusomea sheria iliyokwishakufa. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu (Emirati) Na. 33 ya 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, iliondoa makato hayo, na inampa mwajiri siku 14 tangu mkataba kuisha awe amelipa kila kitu.

Nawe timiza upande wako. Muda wa taarifa ni kati ya siku 30 na 90, kama mkataba wako unavyosema. Ukiondoka katikati, mwajiri ana haki ya kudai mshahara wa siku ulizobakiza, na usije kulia kwangu. Wakikataa kulipa, fungua malalamiko wizara ya kazi ungali ndani ya nchi. Tangu 2024 wizara yenyewe inaweza kuamua madai yasiyozidi dirhamu 50,000 bila kukuzungusha mahakamani. Kiinua mgongo chako hakifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Viza yangu ya Dubai bado ina miezi minane. Nikiacha kazi si nakaa tu mpaka iishe?

Hapana. Swali hili limekuja tena, na tena. Kazi ikiisha viza inafutwa, hata kama kadi inaonyesha mwaka 2030. Unapewa muda wa kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka, na muda huo hutofautiana kwa aina ya viza na ngazi ya kazi. Kuna wanaopata siku 60 na kuna wanaofika 180. Usimuulize mwenzako wa chumbani. Tarehe yako ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi ya kufuta viza. Ikipita, faini ni dirhamu 50 kwa siku, na mwezi mmoja tu umekula 1,500. Wapo wanaosubiri msamaha kama ule wa Septemba hadi Desemba 2024. Hakuna aliyekuahidi mwingine.

Nimeacha kazi mwenyewe Abu Dhabi. Nitalipwa ile bima ya kukosa kazi tunayokatwa dirhamu 5?

Hulipwi. Ni ya walioachishwa, tena waliochangia angalau miezi 12.

Mimi ni mfanyakazi wa ndani, natoka Kilifi, niko Dammam. Mkataba wangu wa miaka miwili uliisha. Madam alisema nisubiri apate mwingine, nikasubiri. Sasa anasema atanikatia tikiti niende nyumbani likizo miezi miwili kisha nirudi. Mimi sitaki kurudi. Nikubali tu nisepe?

Dada, hapa ndipo wengi wanapojifunga kamba. Kuna viza mbili za kutokea Saudia, na ukiwa umechoka zinafanana. Khuruj nihai ni kuondoka moja kwa moja: mkataba umekufa, iqama, yaani kibali cha ukaazi, imefungwa, jina lako limetoka kwa kafili, yule mwajiri anayekudhamini. Khuruj wa awda ni kwenda na kurudi. Ukitoka na hiyo usirudi, kwenye mtandao wao unasomeka kama mtu aliyeondoka akavunja ahadi. Siku ukipata kazi nzuri Jeddah, wewe au ajenti wako, mnaweza kukuta jina lina doa. Najua hamu ya kuuona uwanja wa ndege. Lakini usikubali tikiti kabla hujaijua viza iliyo nyuma yake. Mwombe mtu anayesoma Kiarabu aiangalie.

Mwambie madam kwa maandishi, kwenye WhatsApp, kwa heshima: "Mkataba wangu uliisha tarehe fulani. Naomba khuruj nihai na tikiti ya kurudi." Tarehe uiandike. Maneno ya jikoni hayana ushahidi, ujumbe unao. Piga picha mkataba, iqama, ukurasa wa kwanza wa pasipoti na risiti za mshahara, umtumie mtu wa nyumbani asiyefuta picha hovyo. Kisha ajenti wa Kenya aliyekupeleka mpigie kila siku. Alipochukua pesa alikuwa na simu, sasa pia anayo. Akikukwepa, ndugu zako wamfuate ofisini na waende Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ndiyo inayosajili ajenti hao. Wewe nawe wasiliana na ubalozi ulioko Riyadh, na uwaeleze mambo manne tu: jina, namba ya iqama, tarehe ya mwisho wa mkataba, miezi usiyolipwa. Sauti ya dakika kumi yenye kilio haitawasaidia kukusaidia.

Khuruj nihai ikitoka una siku 60 za kuondoka. Usizitumie kutafuta kazi. Na usitarajie kiinua mgongo: kwa wafanyakazi wa ndani Saudia ni mshahara wa mwezi mmoja, tena kwa aliyemaliza miaka minne kwa mwajiri yuleyule. Mshahara ambao hukulipwa ni jambo jingine. Huo udai mpaka riyali ya mwisho kabla hujapanda gari la uwanjani.

Mimi pia ni mfanyakazi wa ndani. Wenzangu waliotoka kwa mabosi wao wako Riyadh wanafanya vibarua, wanapata mara mbili yangu. Nikajiunge nao?

Hao wa Kemboi, yaani waliotoroka kwa mabosi wakafanya vibarua, nawajua, na sitakudanganya kwamba hawapati pesa. Wanapata, kwa miezi kadhaa. Bosi akishakuandikia huroob, yaani taarifa ya utoro, huna iqama inayofanya kazi, kwa hiyo hospitali ni shida na kutuma pesa kwa jina lako ni shida. Nyumba unayosafisha ikikudhulumu utamshtakia nani? Njia ya kurudi nyumbani nayo hupitia kituo cha kuwarudisha wageni, alama za vidole na marufuku ya kuingia tena. Wanawake wamejifungua kule watoto wasio na karatasi yoyote, na kumtoa mtoto wa namna hiyo nchini ni kazi nyingine kabisa. Haya hayasemwi kwenye video za TikTok.

Wafanyakazi wa kampuni wana nafuu kidogo. Tangu Oktoba 2022, mwajiri akiripoti kwamba hauko kazini unapewa siku 60 za kuhamia kwa mwajiri mwingine au kuondoka kwa khuruj nihai. Wewe ni wa ndani, kwa hiyo usijifariji kwa kanuni hiyo.

Ila sikiliza. Kama unapigwa, unafungiwa, unashikwashikwa, toka. Hapo hakuna hesabu ya karatasi. Nenda polisi au ubalozini, na usiende chumba cha rafiki, maana ukipita huko kwanza kesi yako inageuka kuwa ya utoro.

Nimesoma kwamba kafala, ule mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa kafili wake, imefutwa Ghuba nzima. Kwa hiyo tuko huru?

Umesoma kichwa cha habari. Saudia ilifungua mlango Machi 2021: mfanyakazi wa kampuni anaweza kuhama mwajiri baada ya mwaka na kusafiri bila ruhusa ya kafili. Nani aliachwa nje? Wafanyakazi wa ndani, madereva wa nyumbani, watunza bustani na wachungaji, yaani wengi wa watu wetu. Qatar imekwenda mbali zaidi. Kibali cha kutoka kiliondolewa kwa wengi mwaka 2018, na mwaka 2020 hata wafanyakazi wa ndani wakaingizwa, ingawa wao wanatakiwa kumtaarifu mwajiri saa 72 kabla. Mwaka huohuo ikaondoa barua ya mwajiri ya kuhama kazi. Kuwait imekwenda kinyume: tangu 1 Julai 2025, mfanyakazi wa kampuni binafsi anahitaji kibali cha mwajiri wake kutoka nchini, hata kwa likizo. Kila nchi ina sheria yake, na ndani ya nchi moja wa kampuni na wa ndani wana sheria mbili. Anayekwambia "Ghuba nzima" anatafuta watazamaji.

Mimi ni muuzaji wa dukani Muscat, Oman. Bosi wangu kazaliwa Unguja, tunaongea Kiswahili safi, tukakubaliana kwa mdomo kwamba nikimaliza mkataba ataniacha nihamie kwa jirani. Sasa anasema bila barua yake sihami. Ni kweli?

Si kweli. Tangu 1 Januari 2021 mfanyakazi wa Oman aliyemaliza mkataba anahama bila barua ya kutokuwa na pingamizi. Ninachokilaumu ni hayo makubaliano ya mdomo. Kiswahili kinalegeza mambo: mnaulizana habari za Darajani, mnakunywa kahawa, mnaitana ndugu, na mkataba wa Kiarabu unabaki droo ya bosi bila nakala. Dai nakala yako leo. Sheria ya kazi ya 2023 inakupa pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka, nacho pia hakikuzungumzwa kwenye kahawa, sivyo?

Nina mkopo wa benki Dubai, zimebaki dirhamu 18,000. Naweza kuondoka kimyakimya?

Kimya hakipo. Benki ikiona mshahara umekatika au kiinua mgongo kimeingia, inaweza kuzuia akaunti. Deni likifika dirhamu 10,000 inaweza pia kuomba mahakama ikuzuie kusafiri, nawe ukajua habari hiyo mbele ya afisa wa uhamiaji na begi mkononi. Nenda benki kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, uombe mpango wa malipo ukiwa bado na mshahara. Siku hiyo wanakukaribisha kiti. Na nyinyi mnaokopa kule ili mjenge nyumba huku, mkijua mkataba unaisha mwakani, mnanikera kwa kweli.

Kampuni inasema nikiacha kazi kabla ya miaka miwili nirudishe gharama za viza. Niko Ajman.

Sheria ya Emirati inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za uajiri, mbele au kwa mlango wa nyuma. Usilipe.

Mimi mhudumu wa wazee, Leeds, Uingereza. Nikiacha kazi nina muda gani?

Mwajiri ataripoti, na kwa kawaida viza inafupishwa hadi siku 60 tangu uandikiwe. Tafuta kwanza mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, ombi jipya likubaliwe, ndipo uache. Tangu 22 Julai 2025 hawaajiri tena wahudumu kutoka ng'ambo, kwa hiyo ukitoka hiyo njia haikurudishi.

Mkenya, mwalimu Arusha. Shule mpya naweza kuanza na kibali cha shule ya zamani?

La. Kibali ni cha kazi ile kwa mwajiri yule. Shule mpya iombe upya, kwa Kamishna wa Kazi na kwa Uhamiaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki haijafika huko mnakodhani.

Nimeshalipwa kila kitu Doha, nasafiri wiki ijayo. Kuna karatasi ninayosahau?

Hatimaye, mtu anayeuliza mapema. Cheti cha utumishi, chenye cheo chako na tarehe za kuanza na kumaliza, kimegongwa muhuri. Taarifa ya benki ya mwaka mzima, uchapishe kabla akaunti haijafungwa. Fomu ya malipo ya mwisho, nakala. Na kama unafikiria kuomba kazi nchi nyingine, omba cheti cha polisi cha tabia njema ukiwa hapohapo, kwa sababu kukiomba kutoka Mwanza ni safari ya barua na mihuri. Fanya kabla ya Alhamisi. Ijumaa ofisi zimefungwa.