Nianze na lugha gani? Anza na dirisha la mapokezi

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana wa Morogoro aliyemaliza chuo mwaka huu. "Shikamoo kaka. Nataka kujenga mfumo utakaofanya hospitali zote nchini zisomane. FHIR, kile kiwango cha kubadilishana taarifa za afya, nimeshaisoma yote. Nianze na lugha gani ya programu?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelala nalo siku tatu. Ndilo nililoanza nalo mimi mwaka 2018, na jibu nililojipa wakati ule nusura limwingizie mama mmoja damu isiyo ya kundi lake.

Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua hauko peke yako. Mko wengi mnaotaka siku moja mgonjwa atoke zahanati ya kijijini, afike hospitali ya rufaa, na daktari awe ameshamjua kabla hajapanda kitandani. Ndoto hiyo ni yangu pia, na sijaiacha.

Mwaka 2018 tulikuwa vijana watatu katika mkoa mmoja wa pwani. Kazi yetu ilikuwa kuunganisha vituo 11: hospitali moja, vituo vya afya vitatu na zahanati saba. Shida tuliyotumwa kuitatua kila muuguzi anaijua. Mjamzito anaandikiwa rufaa, anapewa karatasi, anapakiwa kwenye bodaboda au bajaji, mvua inanyesha. Akifika hospitalini karatasi imelowa au imebaki kwenye mkoba wa shangazi. Wanaanza upya: wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, presha, umejifungua mara ngapi. Saa moja inakwisha hivyo, na mtu anatoka damu.

Tulifanya kama vitabu vinavyosema. Badala ya kila mfumo kuongea na kila mwenzake, tuliweka mpatanishi katikati. Hesabu yake ni rahisi: vituo 11 vikiunganishwa kimoja kimoja vinahitaji njia 55, ukiweka mpatanishi unahitaji 11 tu. Mpatanishi wetu ulikuwa OpenHIM, programu huria iliyotoka mikononi mwa Jembi Health Systems ya Afrika Kusini. Rwanda walishatangulia njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakaanza na taarifa za wajawazito wilayani Rwamagana. Na ukitaka kujua kwamba haya mambo si ya kuazima Ulaya, kumbuka kuwa OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi, iliwashwa kwa mara ya kwanza Eldoret, Kenya, Februari 2006. Usianze kuandika kila kitu upya. Wapo waliopita.

Lugha ya ujumbe wetu ilikuwa FHIR. Shirika la HL7 limekuwa likitunga viwango vya kubadilishana taarifa za afya tangu 1987, lakini vile vya zamani vilikuwa mistari ya herufi iliyotenganishwa kwa vijiti, na kila hospitali iliisoma kwa namna yake. Mwaka 2011 Grahame Grieve wa Australia akaja na wazo lililozaa FHIR, la kuzigawa taarifa vipande vipande vinavyojitegemea: mgonjwa kipande chake, hudhurio kipande chake, kipimo kipande chake, dawa vivyo hivyo. Kila kipande kina anwani, na unakiomba kama unavyofungua ukurasa wa intaneti. Nilipokielewa kiwango hiki niliona nimeshika ufunguo wa nchi nzima. Nilikuwa na miaka 26, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu.

Miezi mitano ya kuandika programu naiacha, haina hadithi. Mfumo uliwaka. Ujumbe ulipita zahanati hadi hospitali kwa sekunde chache. Wakubwa walikuja, wakapiga picha.

Kisha nikapigiwa simu saa 8 usiku na mtaalamu wa maabara aliyekuwa zamu.

"Kijana, huyu mama wa rufaa mfumo wenu unasema ni kundi B. Mimi nimempima mara mbili, napata O. Nimwamini nani?"

Nikamwambia aamini alichokipima. Hakuhitaji kuambiwa, alikuwa ameshaagiza damu ya O. Maabara nzuri haitoi damu kwa kusoma kwenye skrini, hupima na kulinganisha kwanza, na utaratibu huo wa tangu enzi za makaratasi ndio uliomwokoa yule mama. Mtu wa kundi O ana kingamwili zinazoshambulia damu ya kundi B. Nilikaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri, kompyuta mapajani, natafuta nilipokosea.

Nilipaona kabla hakujakucha. Walikuwa wanawake wawili wa kata moja. Majina yao mawili yaliandikwa sawasawa, ila mmoja lile la pili lilikuwa la baba yake na mwenzake lilikuwa la mumewe. Tarehe ya kuzaliwa ya wote ilikuwa 1 Januari 1991. Hakuna aliyezaliwa siku hiyo. Mapokezi walikuwa wanauliza "una miaka mingapi?", mfumo unatoa hesabu na kujaza Januari mosi wenyewe. Nami nilikuwa nimeandika kanuni: jina likilingana, tarehe ikilingana na kata ikilingana, unganisha rekodi mbili ziwe moja, futa ya zamani. Nilijivunia kanuni ile. Iliniondolea maelfu ya rekodi zilizojirudia kwa usiku mmoja, nikapeleka grafu kwenye kikao na watu wakapiga makofi.

FHIR haikukosea hata nukta. Ujumbe ulikuwa safi, ulikaguliwa na kukubalika, ukafika haraka. Ulibeba taarifa za mtu mwingine, basi. Hapa ndipo nataka wewe wa Morogoro usimame: kiwango hubeba ujumbe, lakini hakimjui mgonjwa. Kumjua mgonjwa ni kazi inayofanyika dirishani, mapokezi, saa 2 asubuhi, mbele ya foleni ya watu arobaini.

Hospitali ilirudi kwenye karatasi kwa miezi tisa. Kwenye kikao mkubwa mmoja alituambia, "Ninyi vijana mnacheza na roho za watu." Sikuwa na la kumjibu. Mfumo uliporudishwa na kuzinduliwa upya, majina yaliyosomwa jukwaani hayakuwa yetu, ingawa kila mstari wa marekebisho tuliuandika sisi. Hilo la pili bado linaniuma, sitaficha. Lile la kwanza nilistahili.

Ndani ya miezi ile tisa nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Niliomba kiti nyuma ya dirisha la mapokezi, nikakaa wiki mbili. Mama aliyekuwa anaandikisha wagonjwa pale ana miaka mingi kazini, na alinifundisha kuliko kozi zote nilizolipia.

Nilimwona akiandika Khadija, na kesho yake mwenzake akimwandika mtu yuleyule Hadija. Nikaona Rehema akiwa Lehema, Thabiti akiwa Sabiti. Programu yangu ilikuwa ikilinganisha majina kwa Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya kule. Soundex hushika herufi ya kwanza na kuigeuza iliyobaki kuwa tarakimu, kwa hiyo Khadija inakuwa K320 na Hadija H320: watu wawili. Lakini Salim na Salum, ambao mtoto yeyote wa pwani anajua ni majina mawili, wote inawapa S450: mtu mmoja. Programu yangu ilikuwa inatenganisha wa kuunganishwa na kuunganisha wa kutenganishwa, na hakuna kitabu cha viwango ambacho kingeniambia. Yule mama aliniambia kwa dakika tano, akinywa chai.

Nadharia ya jambo hili ni ya zamani. Wanatakwimu Fellegi na Sunter waliiandika mwaka 1969: kila kinacholingana kina uzito wake, na kinachopatikana kwa wengi hakina uzito mkubwa. Watu wawili wote kuitwa Juma, hapa kwetu, ni ushahidi mdogo sana. Wote kuzaliwa Januari mosi si ushahidi kabisa. Tukaandika kanuni upya: jumla ya uzito ikiwa kubwa sana, rekodi zihusishwe, ikiwa ndogo, ziachwe, zilizo katikati aziangalie mtu. Mtu, si mashine. Yule mama wa mapokezi ndiye aliyekuwa akiziangalia, kila Ijumaa mchana.

Na hatufuti tena rekodi. Kwenye FHIR rekodi ya mgonjwa ina sehemu ya kiungo, inayosema hii imechukua nafasi ya ile, au hii na ile huenda zinamhusu mtu mmoja. Ukigundua umekosea, unakata kiungo na kila mtu anarudi kwenye faili lake. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mwaka 2018 nikairuka, nikiona ni pambo.

Halafu namba. Namba 00457 ipo katika kila hospitali yenye daftari. Ukiituma peke yake umetuma takataka. Kiwango kinataka kila namba iende pamoja na jina la aliyeitoa: 00457 ya kituo fulani, namba ya kitambulisho cha taifa iliyotolewa na NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, namba ya kadi iliyotolewa na bima. Namba ya NIDA ni msaada mkubwa, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo inaumbua Januari mosi nyingi. Lakini mtoto mchanga hana NIDA. Msichana wa miaka 16 mwenye mimba hana NIDA, na bibi aliyeisahau nyumbani hawezi kurudishwa kilomita thelathini. Anayejenga mfumo wa taifa akisema "tutatumia NIDA tu" amewafungia mlango walewale wanaohitaji rufaa kuliko wengine. Sisi tuliongeza swali moja lililopendekezwa na yule mama: jina la mama yako mzazi. Mume hubadilika, simu huazimwa, mama mzazi habadiliki.

Mengine nayapitia haraka. Vipimo viende na kizio chake: hemoglobini 11.2 ya maabara moja na 112 ya nyingine ni kitu kilekile, gramu kwa desilita na gramu kwa lita. Tumia misimbo ya LOINC, orodha ya kimataifa ya namba za vipimo, ambako hemoglobini ni 718-7, ili mashine zisibishane. Na saa, jamani, saa! Muuguzi anaandika mtoto kazaliwa saa 7 usiku, mfumo unasoma 07:00. Ukisharekebisha hiyo ikawa 01:00, programu nyingine inaigeuza kuwa saa za dunia, 22:00 ya jana, na mtoto anapata siku ya kuzaliwa isiyo yake. FHIR inadai ukitaja saa utaje na ukanda wake, yaani +03:00 kwetu. Usiiruke. Nililiona la saa mapokezi pia, kwenye daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya, lililokuwa pembeni ya kompyuta.

Sasa niseme na nyinyi wote mnaoota ndoto hii, na wanaowapa fedha. Kila mkutano ninaokwenda nasikia "mifumo isomane, mifumo isomane", na ni kweli isomane. Bima ya Afya kwa Wote ina sheria yake tangu 2023, na huwezi kumhudumia kila mtu kama humtambui kila mtu. Wakenya wana Sheria ya Afya Dijitali ya 2023. Lakini bajeti ninazoziona zinanunua seva, zinalipia semina hotelini, na dirisha la mapokezi linaachiwa kijana wa kujitolea asiye na mshahara, kompyuta moja, umeme wa kubahatisha. Pale ndipo taarifa ya taifa inapozaliwa. Ikizaliwa na kasoro, kila kiwango mnachokisifu kitaisafirisha kasoro hiyo kwa kasi hadi mkoa wa mwisho. Mlipeni mtu wa mapokezi. Mfundisheni. Muulizeni kabla ya kuchora mchoro wenu.

Na msisahau kuwa taarifa ya mgonjwa ni amana. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Wale wanawake wawili, mbali na damu, kila mmoja siri zake zilionekana kwenye faili la mwenzake. Hakuna aliyewaomba radhi kwa siku nyingi. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao, mmoja baada ya mwingine, na sitasimulia tulichoongea.

Majuma mawili yaliyopita yule mtaalamu wa maabara, ambaye aliapa hatafungua tena mfumo wetu, alinitumia ujumbe saa 4 usiku. Mjamzito alikuwa njiani kutoka zahanati, hemoglobini yake 6.8, na maabara walishajua kundi la kuandaa wakati gari bado liko barabarani. Walipima tena alipofika, kama inavyopaswa. Safari hii majibu yalilingana. Niliusoma ujumbe ule kwa sauti, mke wangu akadhani nimefiwa.

Kuhusu lugha uliyoniuliza, mdogo wangu: sisi tunatumia Java, kwa kuwa HAPI FHIR, programu huria tunayoitegemea, imeandikwa kwa Java. Ukijua Python au JavaScript utafika pia. Lakini wiki hii nenda hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe, muone mganga mfawidhi, omba kibali cha maandishi na kiti nyuma ya dirisha la mapokezi. Beba daftari, usibebe kompyuta. Baada ya wiki mbili niandikie, uniambie majina ya huko Morogoro yanaandikwa kwa namna ngapi.