Waranti ya ziada: nimelipia nne, imenifaa moja

Kamera, hedifoni, simu, laptopu. Kila nilipokuwa nanunua kimojawapo nilifika kaunta, hela mkononi, nikasikia maneno yaleyale: “Dada, ukiongeza kidogo tu unapata waranti ya miaka mitatu.” Na kila mara niliongeza. Mara nne. Iliyonifaa ni moja, nayo ilinifaa kwa mbinde, kwa hiyo sikuja hapa kuzipigia debe. Wala sitakwambia ni wizi mtupu, maana hiyo moja iliniokoa katika mwezi ambao sikuwa na pa kushika.

Kamera nitaimaliza haraka: haikuharibika. Mpaka leo inapiga picha. Waranti yake ilikufa kimyakimya, siku ambayo hata sikuikumbuka.

Hedifoni zilinifundisha jambo. Upande wa kushoto ulinyamaza mwezi wa nane tangu nizinunue. Nikaenda na karatasi yangu ya miaka mitatu nikijiona mjanja, nikaambiwa karatasi hiyo haijaanza kazi. Mwaka wa kwanza ni wa mtengenezaji, na angenibadilishia hata kama nisingeongeza senti. Akanibadilishia kweli. Kumbe ile “miaka mitatu” niliyouziwa ilikuwa miwili, ule wa kwanza ulikuja bure na boksi lake. Halafu hedifoni mpya zilikuwa na namba yake, na waranti niliyolipia ilikuwa imeandikiwa namba ya zile za zamani. Kuihamisha kulihitaji fomu ambayo hakuna mtu pale dukani aliyejua inatoka wapi. Nikaenda mara mbili, ya tatu nikaachana nayo.

Simu ndiyo iliyoniuma. Ilinichoropoka nikiteremka ngazi, ikagonga vidato viwili kabla ya kutulia, kioo kikawa utando wa buibui. Sikusikitika sana. Nilijisemea, angalau safari hii nilijipanga. Kijana wa mapokezi akaisoma karatasi yangu, akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa kwa herufi za sisimizi: waranti inahusu kasoro ya kifaa, haihusu kuanguka, kukaliwa, kumwagikiwa wala “matumizi yasiyo sahihi.” Nikamuuliza, sasa simu huwa zinakufa kwa kitu gani kingine? Akacheka. Hakuwa na jibu, na kwa kweli yeye hakuwa ameandika ile karatasi.

Swali lile sijaliacha. Hebu fikiria simu zote ulizowahi kuzitupa au kuzigawa. Zangu mimi: moja ilivunjika kioo, moja iliingia maji, mbili betri zilichoka, moja tundu la chaji lililegea mpaka ikawa inachajika kwa kuinamishwa na kuombewa. Hakuna hata moja iliyokufa kwa kasoro ya kiwandani baada ya mwaka wa kwanza. Na hayo yaliyoziua, karibu yote, ndiyo yanayoandikwa upande wa nyuma wa karatasi.

Chukua betri. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kutumika, hilo halina fundi. Simu nyingi zilitengenezwa kwa kipimo cha kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji. Apple wamesema kuanzia iPhone 15 kipimo chao ni mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika, hata kama umeitumia kwa siku mbili. Anayemaliza chaji yote kila siku hufikisha mizunguko 500 katika mwaka mmoja na miezi minne hivi, yaani katikati ya muda ule hasa unaouziwa. Lakini waranti nyingi za dukani huiita hali hiyo “uchakavu wa kawaida,” na uchakavu wa kawaida ni juu yako.

Maji nayo ni hivyohivyo. Alama ya IP68 kwenye boksi inamaanisha kifaa kilipimwa ndani ya maji safi yaliyotulia, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji mwenyewe. Mpira na gundi zinazozuia maji huchoka kadiri simu inavyozeeka, na ikishafunguliwa na fundi huenda zisirudi kama zilivyokuwa. Kuna watengenezaji wanaotangaza alama hiyo kwa herufi kubwa na papo hapo hawalipii uharibifu wa maji. Ndani ya simu nyingi kuna kijikaratasi cheupe kinachogeuka chekundu kikilowa. Fundi wa kampuni hukitazama hicho kabla hajamaliza kukusikiliza.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kaunta ni kama unachouziwa ni waranti au bima. Wauzaji hutumia neno moja kwa vyote viwili. Waranti hulipia kifaa kilichojifia chenyewe. Bima ya ajali hulipia kile ulichokiua wewe. Ya pili ni ghali zaidi, na mara nyingi kila ukidai unachangia kiasi fulani kwanza kabla hawajagusa kifaa. Jumlisha ulichokwisha kulipa na huo mchango, kisha ulinganishe na bei ya kubadilisha kioo kwa fundi unayemwamini. Nimeifanya hesabu hiyo kwa simu mbili za bei ya kati na mara zote mbili fundi alishinda.

Kuna mchoro ambao wahandisi wanaupenda, una umbo la beseni la kuogea likitazamwa kwa ubavu. Vifaa vingi vyenye kasoro hufa mapema: solda imekaa vibaya, kipande kimetoka kiwandani kibovu, basi ndani ya miezi michache kimezima. Huo ni ukingo wa kushoto. Kisha inafuata miaka ambayo kufa ni kwa nadra, sakafu ya beseni. Mwishoni kila kitu kinaanza kuchoka pamoja, ukingo wa kulia. Sasa weka waranti juu ya mchoro huo. Ukingo wa kushoto umeshalipiwa na mtengenezaji. Ukingo wa kulia, kwa kifaa kilichotengenezwa vizuri, huja baada ya waranti ya ziada kuisha. Unalipia sakafu.

Anayekuuzia anaijua sakafu hiyo kuliko wewe, maana ana hesabu za maelfu ya vifaa. Chukulia waranti inauzwa asilimia 15 ya bei ya kifaa, na matengenezo yakitokea yangekugharimu nusu ya bei. Ili fedha yako irudi, vifaa 30 katika kila 100 vingepaswa kuharibika ndani ya muda huo, kwa sababu zinazokubalika tu. Kama vingekuwa vinaharibika kwa kiasi hicho, yule muuzaji asingekuwa akitabasamu namna ile. Ndani ya ile 15 yumo fundi, imo kamisheni ya aliyekushawishi, na imo faida. Kinachobaki kwa ajili ya kifaa chako ni makombo.

Na kifaa kinashuka thamani huku ulicholipa kikibaki palepale. Soma ukomo wa malipo: mikataba mingine hulipa thamani ya kifaa siku kilipoharibika, mingine hukupa kilichotumika na kukarabatiwa, na mingi huhesabu kwamba kikishabadilishwa mkataba umemaliza kazi, hata kama ulibakiza mwaka mzima.

Kabla ya kulipa, angalia pia kama sheria ya nchi yako haijakupa tayari unachotaka kununua. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1999 liliweka msingi wa muuzaji kuwajibika kwa kasoro kwa miaka 2, awe amekupa karatasi au hakukupa. Uingereza, chini ya sheria ya haki za walaji ya 2015, unaweza kupeleka madai mahakamani hadi miaka 6 baada ya kununua (Scotland ni 5), ingawa baada ya miezi ya mwanzo ni juu yako kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo. Marekani sheria ya 1975 inamkataza mtengenezaji kukufutia waranti kwa sababu tu ulitumia spea au fundi asiye wake. Nchi nyingi zina kitu cha aina hii, na muuzaji hana sababu ya kukikumbusha.

Tena kasoro ikiwa ya wote, mara nyingine mtengenezaji hujisalimisha mwenyewe. Mwaka 2007 Microsoft waliongeza waranti ya Xbox 360, mashine yao ya michezo, hadi miaka 3 kwa ule ugonjwa wa kugoma na kuwasha taa tatu nyekundu, wakatenga zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2018 Apple walianza kutengeneza bure kibodi za baadhi ya laptopu zao za MacBook kwa miaka 4 tangu zinunuliwe. Kifaa chako kikigoma, kabla ya kumtafuta fundi, tafuta jina la modeli yake pamoja na tatizo lenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Rafiki yangu alilipia kibodi yake, akaja kusikia habari za mpango huo wiki mbili baadaye. Nilimwambia adai fedha yake irudi, naye akasema hana nguvu. Namwelewa.

Sasa ile moja iliyonifaa. Laptopu yangu, ambayo ndiyo ofisi yangu, ilizima mwezi wa 22. Haikuanguka wala kumwagikiwa, nilifungua asubuhi nikakuta kioo cheusi. Fundi wa mtaani aliikagua kwa nje tu, bila kuifungua (nilimkataza, kwa kuogopa kuvunja mhuri), akasema ni bodi kuu ya ndani. Bei ya bodi ilikuwa karibu theluthi mbili ya laptopu mpya. Nikachomoa karatasi ya waranti. Wakataka risiti.

Risiti ilikuwa nyeupe pee. Karatasi zile zinachapwa kwa joto, bila wino, na ndani ya droo maandishi yalikuwa yamejifutia. Kilichoniokoa ni kwamba siku niliyonunua niliipiga picha risiti hiyo nikamtumia dada yangu kumlalamikia bei. Nilitambaa na simu yangu kurudi nyuma miezi 22 ya salamu, misiba, harusi na picha za watoto mpaka nikaipata. Tangu hapo risiti yoyote ya kifaa naipiga picha kabla sijatoka mlangoni, na namba ya kifaa iwe inaonekana.

Walikaa na laptopu wiki tano. Ilirudi nzima, na diski ikiwa imefutwa kila kitu, maana waranti hulipia chuma, hailipii kazi zako zilizomo. Kwa wiki tano nilifanya kazi kwa mashine ya kuazima, nikakosa kazi mbili. Nikipiga hesabu bado nilipata faida, lakini ndogo kuliko ninavyopenda kusimulia.

Ndiyo maana siku hizi swali langu si kama kifaa kitaharibika. Najiuliza: kikiharibika kesho, nitaweza kununua kingine bila kukopa na bila kazi kusimama? Hedifoni, ndiyo. Saa ya mkononi, ndiyo, na ninaweza kuishi bila kujua nimetembea hatua ngapi. Laptopu ninayopatia riziki, labda hapana. Hapo ndipo ninapokaa chini kusoma mkataba, na ninachotafuta ni siku: watanitengenezea ndani ya muda gani, na nitafanyia kazi nini wakati huo. Waranti ya kampuni inayotuma fundi kazini kwako siku inayofuata ni mnyama tofauti na ile ya “lete tutaangalia.” Anayelipia ulinzi wa simu ya kukunja naye namwelewa, kwa sababu kioo cha ndani kikipasuka kilio chake ni kirefu. Na kama unajijua mikono yako ni ya siagi, chukua bima ya ajali kwa moyo mmoja, usichukue waranti ukidhani ni bima.

Kwa vingine vyote nina kibubu. Ile hela ya ziada wanayonitajia kaunta naiweka kwenye akaunti ya pembeni, jioni ileile, kabla haijapata jina jingine. Kwa miaka kadhaa imenibadilishia betri mbili, kioo kimoja na chaja iliyoliwa na paka, na bado haijakauka. Ina udhaifu wake: kifaa cha kwanza kikifa kibubu kikiwa bado kitupu, utaumia. Halafu kuna kishawishi cha kuchokonoa. Niliwahi kuichokonoa kwa ajili ya viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na waranti.

Mwezi uliopita nimenunua laptopu nyingine. Kijana wa kaunta akanitolea ile sentensi. Nikamuuliza mambo matatu: miaka hii inaanza kuhesabiwa leo au mwaka wa mtengenezaji ukiisha? Akajibu, leo. Betri imo? Akajibu, haimo. Ikiharibika, anayeitengeneza ni nani na kwa siku ngapi? Hapo akatazama karatasi mbele na nyuma, akaniomba namba ya simu, akasema atamuuliza meneja kisha anipigie.

Bado nasubiri simu yake.